Filamu ya Kitabu Changu

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Februari 2012, nilisimama mbele ya lango la bati mjini Lodwar nikiwa na bisibisi mbili, tochi, na cheti changu cha darasa la saba ndani ya bahasha. Nilikuwa nimeambiwa nifike saa mbili. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nimetengeneza redio na televisheni katika kibanda karibu na stendi, na nilijua kwamba fundi anayechelewa siku ya kwanza hachelewi tena, kwa sababu siku ya pili hapewi.

Shirika lililoniita lilikuwa dogo na kazi yake ilikuwa moja: kuwapelekea watu sinema, hasa watoto, katika vituo vya barabarani na katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Msimamizi wangu alikuwa Afisa wa Uwanja, mama mrefu kutoka upande wa Nyeri, aliyeandika kila kitu kwa Kiingereza na kukemea kwa Kiswahili. Alinikabidhi projekta iliyokataa kuwaka. Niliifungua, nikatoa kiasi cha kijiko kizima cha mchanga, nikaifunga, ikawaka. Kisha akaniuliza kama naweza kuzungumza. Sikumwelewa. Akaweka filamu ya Kiingereza, akanipa kipaza sauti, akaniagiza niwaeleze kwa Kiswahili watu wasiojua Kiingereza yale yanayosemwa, papo hapo, huku picha ikienda.

Nilihangaika dakika tano. Aliposimamisha filamu alisema jambo ambalo niliandika siku hiyo hiyo.

"Bwana Wafula, Kiswahili unacho. Lakini mfasiri hasemi zaidi ya midomo. Midomo ikifungwa, na wewe funga."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa kwa kazi mbili: fundi wa mitambo na mfasiri wa filamu. Vijana wa leo mna maandishi chini ya picha kwenye simu zenu, na pengine hamjui kwamba kulikuwa na mtu anayekaa kando ya turubai akiwa wahusika wote kwa sauti yake moja. Mkono mmoja hushika kipaza sauti. Mwingine hukaa kwenye miksa, kisanduku cha vitufe vya kuteleza ambacho hushusha sauti ya filamu unapotaka kusema na kuipandisha unaponyamaza. Ukichelewa kushusha, unapigana na filamu. Ukichelewa kupandisha, muziki unakufa na watu wanakuzomea.

Nilijitengenezea utaratibu, maana hakukuwa na shule ya kazi hiyo. Kila filamu niliitazama mara tatu kabla ya kuionyesha. Mara ya kwanza nilizima sauti nikatazama nyuso. Mara ya pili nilifumba macho nikasikiliza. Mara ya tatu nilishika kalamu. Daftari langu lilikuwa na safu tatu: dakika, anayesema, maneno. Pia nilichagua majina. Watu hawashiki majina ya kizungu upesi, kwa hiyo mfasiri humpa kila mhusika jina la mahali pale. Katika kituo cha Kalemng'orok nilimwita shujaa Ekai, na wazee waliokaa mbele juu ya vigoda vyao vya mbao walimpa Ekai huyo ushauri kwa sauti filamu nzima.

Mwezi wa tatu wa kazi tulionyesha filamu ufukweni Eliye Springs. Upepo wa ziwa uling'oa turubai pamoja na mawe tuliyolikandamizia. Ilichukua dakika kumi na mbili kulirudisha, na dakika zote kumi na mbili niliendelea kusimulia kutoka kwenye daftari bila picha. Hakuna aliyeondoka. Dereva wetu, Ekiru, Mturkana asiyesifu ovyo, aliniambia tulipokuwa tukifunga kamba kwamba siku nyingine tuache projekta nyumbani tuokoe petroli. Aliniharibu kwa maneno hayo. Tangu siku ile niliamini kwamba picha ni mtumwa wa maneno.

Mwezi wa Mei shirika liliamua kwamba Kakuma iwe na mfasiri wake. Walimchukua Nyandeng, mwanamke wa miaka kama thelathini kutoka Sudan Kusini, aliyekuwa akiuza chai na mandazi karibu na kanisa katika Kakuma Moja. Alijua Kidinka, Kiarabu cha Juba, na Kiswahili kisichojali ngeli hata moja. Nilipewa kazi ya kumfundisha.

Nilimweleza utaratibu wangu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akatazama filamu mara moja tu, amelala ubavu juu ya mkeka, macho nusu yamefumba. Hakuandika neno. Kesho yake akasimama mbele ya watoto mia mbili na kuifasiri kana kwamba yeye ndiye aliyeitunga. Alipokuwa mzee, alikuwa mzee. Alipokuwa mbuzi, watoto wa mbele walisogea asiwapige pembe. Filamu ilipokwisha watoto walilikimbilia gari letu wakiita jina lake, na mmoja, akiniona nakunja waya, akauliza kama mimi ni mpishi wake.

Nimeahidi katika kumbukumbu hizi kusema kila jambo kwa kipimo chake, kwa hiyo nitasema hili pia. Nilimwonea wivu. Haukuwa ule wivu mwepesi unaopita na chakula cha jioni. Nilihesabu makofi yake. Nilisikiliza makosa yake ya sarufi kwa furaha, kama mtu anayeokota sarafu. Kila alipoanza onyesho alikuwa na desturi ya kuzunguka ukumbini akiwauliza watoto majina yao mmoja mmoja, hata dakika ishirini zikapita, na mimi nilisema moyoni kwamba huyu ananunua mapenzi ya watu. Sikuwahi kumwuliza kwa nini anafanya hivyo.

Mwisho wa mwaka Afisa wa Uwanja alituonyesha tathmini zetu. Karatasi yangu ilikuwa na kurasa mbili na ya Nyandeng nusu ukurasa, lakini sentensi moja ilitukutanisha. Aliandika kwamba Nyandeng ana kipaji na Wafula ana nidhamu. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Hakuna neno baya ndani yake, na sijapata kusoma tusi kubwa zaidi.

Januari 2013 ikaja orodha ya filamu mpya. Zilikuwa nne, zote zimetengenezwa kutokana na vitabu vya watoto vinavyohusu kufiwa. Mratibu wa Mradi, ambaye tulimjua zaidi kwa barua kuliko kwa uso, alieleza kwamba watoto wengi wa kambini wamepoteza ndugu, na kwamba ni vizuri waone mtoto mwingine akipita njia hiyo hiyo. Nilipitisha kidole kwenye orodha. Kwenye nambari tatu kidole kikasimama.

Kilikuwa kitabu changu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mdogo wangu alipofariki kwa homa. Nyumbani watu wazima walilia siku nne, kisha wakaacha kumtaja, wakidhani wananisaidia. Katekista wa misheni, aliyetunza kabati la vitabu, alinipa kijitabu cha Kiingereza chenye kurasa themanini na nne. Kinahusu mvulana anayeishi na dada yake kwenye kilima cha baridi. Kila asubuhi yeye hupasha vikombe viwili vya maziwa. Dada anafariki katikati ya kitabu, na mvulana anaendelea kupasha vikombe viwili mwaka mzima, hadi siku ambayo shangazi yao anakaa mezani na kunywa kile cha pili bila kusema kitu. Nusu ya maneno sikuyajua. Kiingereza changu chote nilikianzia hapo, nikifukua neno baada ya neno ili nijue kama dada atarudi. Harudi. Kitabu hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza kuniambia ukweli, na ukurasa wa kifo chake niliweza kuusema kwa kichwa. Sikukirudisha kabatini. Kimehama nami hadi Lodwar, ndani ya sanduku la bati.

Sasa kilikuwa filamu, na mtu yeyote angeweza kukaa chini na kukitazama. Nilijisikia kama mtu aliyekuta barua yake imebandikwa ukutani kwa chifu.

Nyandeng alisikia kutoka kwa Ekiru kwamba nakijua kitabu hicho. Alikuwa amekuja Lodwar, akanijia tukiwa tunapakia mafuta ya jenereta.

"Ustaz," akasema, kwani hivyo ndivyo alivyoniita, "hiyo kitabu iko na wewe? Nataka kusoma kwanza."

Nilimjibu kwamba kilipotea zamani. Kitabu kilikuwa mita mia nne kutoka tulipokuwa tumesimama.

Kisha nikaenda kwa Afisa wa Uwanja kuomba onyesho la kwanza la filamu hiyo, ambalo lilipangwa Kakuma. Alinikumbusha kwamba Kakuma ni ya Nyandeng. Nikamwambia kwamba hakuna mtu katika kaunti nzima anayeijua hadithi ile kama mimi. Alizungusha kalamu, akasema sawa, mara moja, halafu tuone.

Diski ilifika Machi. Niliitazama mara tatu kama kawaida, lakini sikuitazama kama mfasiri. Niliitazama kama mume anayepekua simu. Koti la dada, ambalo kitabuni ni jekundu, walilifanya la buluu. Kilima walikifanya kijani mno. Shangazi alikuwa mnene, na mimi miaka thelathini na tano nimekuwa na shangazi mwembamba. Niliandika tofauti arobaini na moja. Ya arobaini na moja ndiyo iliyonikasirisha zaidi: ukurasa wa kifo haukuwepo. Mahali pake waliweka dakika nne bila neno. Mvulana anaamka, anawasha moto, anapasha maziwa, anamimina kikombe kimoja, anamimina cha pili, anakaa. Hakuna anayesema kwamba dada amekufa. Hakuna anayetaja jina lake. Unaona tu mvuke ukipanda kutoka vikombe viwili, kisha huuoni tena.

Niliona wameuiba ukurasa wangu, nikaamua kuurudisha. Niliutafsiri kwa Kiswahili kwa siku tatu, mistari ishirini na sita, nikaupima kwa saa ukaingia ndani ya dakika nne sawasawa. Kanuni ya midomo niliikumbuka vizuri. Niliamua tu kwamba hainihusu.

Halafu nikachagua majina. Nilitaka kuwapata watoto wa Nyandeng kwa lugha yao wenyewe. Katika maduka ya Kakuma nilikuwa nimesikia wasichana wengi wa Kidinka wakiitwa Achol, nikaona ni jina la kawaida na lenye kupendeza sikioni. Nikampa dada.

Kambini hatukuonyesha usiku kwa sababu za usalama. Tulitumia ukumbi wa mabati, saa tisa alasiri, mablanketi yametundikwa madirishani ili kuzuia mwanga. Joto la humo ndani sitalieleza. Niliweka kitambaa kibichi juu ya projekta na kingine juu ya kichwa changu. Watoto walifika kama mia mbili, na mama zao wakakaa nyuma wakijipepea. Nyandeng alianza kuzunguka, kama desturi yake, akiwauliza majina. Nikamfuata nikamwambia akae, leo ni zamu yangu na muda umekwisha.

"Basi niambie umewapa majina gani," akasema.

"Utasikia pamoja na wengine."

Akakaa chini kati ya watoto.

Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko onyesho lolote nililowahi kufanya. Walicheka palipostahili kicheko. Dada alipoanza kukohoa, ukumbi ulitulia. Zikafika zile dakika nne. Nilishusha sauti ya filamu kabisa, nikafungua ukurasa wangu, nikaanza. Mstari wa kwanza ulisema kwamba asubuhi hiyo Achol alikuwa amekufa. Mstari wa tatu ulisema Achol hataamka. Nililitaja jina mara saba kwa jumla, kwa sababu kitabuni limetajwa mara saba, nami nilikuwa mwaminifu.

Kwenye mstari wa tano au wa sita mwanamke alisimama nyuma. Hakupiga kelele. Alipita katikati ya watoto, akamwinua msichana wa miaka kama sita, mkubwa mno kubebwa, miguu yake ikining'inia, akatoka naye. Blanketi la mlangoni likabaki wazi na mwanga ukalifuta turubai. Mama mwingine akamwita mwanawe. Kisha mwingine. Watoto waliondoka kimya, wakishikana mikono, na mimi niliendelea kusoma. Hili ndilo ninaloona aibu zaidi kuliko yote. Nilikuwa na mistari kumi na moja iliyobaki, na niliendelea kuisoma kwa wavulana wapatao thelathini, ambao mmoja wao alisema kwa sauti ya kusikika, "Huyu buda anaongea sana, hata hatuoni movie." Ekiru ndiye aliyekwenda nje akazima jenereta.

Nyandeng alinikuta nimekaa juu ya sanduku la spika. Nilidhani atafurahi. Mimi ningefurahi.

"Ustaz, Achol unajua ni nini?"

Nikasema ni jina.

"Ni jina ya mtoto anakuja nyuma ya ule alikufa. Huyo mama alizika mmoja njiani, halafu akapata huyu. Ndio akamwita Achol. Sasa wewe umemzika pia huyu wa pili, na maiki."

Kisha akaongeza polepole kwamba ndiyo maana yeye huwauliza majina kabla ya filamu yenye kifo. Huyakusanya yote kichwani ili ampe marehemu jina ambalo hakuna mtoto yeyote ukumbini analo. Wakiwa wengi mno, humwita tu "yule msichana". Mwaka mzima nilikuwa nimeitazama kazi hiyo ikifanyika mbele ya macho yangu, kazi safi kuliko safu zangu tatu, nikaiita kununua mapenzi.

Afisa wa Uwanja alikuja kutoka Lodwar asubuhi iliyofuata. Nilimweleza yote kwa mpangilio, pamoja na kitabu nilichosema kimepotea. Alisikiliza bila kukatiza. Akaniambia barua ya onyo itakuja, lakini barua haitamsaidia yule mama, kwa hiyo kwanza niende kwake.

Tulikwenda mimi na Nyandeng. Mama Achol alitupa vigoda na chai. Msichana alikuwa amekaa nyuma yake ameshika nguo yake. Nilisema nimekosa na ninaomba radhi, Nyandeng akafasiri. Ilikuwa mara ya kwanza nafasiriwa mimi, na niligundua jinsi inavyotisha kumwachia mtu mwingine maneno yako. Mama Achol alijibu kwa kirefu. Nyandeng aliyafupisha: radhi ameisikia, lakini mtaa wote wameanza kumwangalia mtoto kwa huruma, na jirani mmoja amekuja kuuliza kama ana homa. Neno lilitoka kwa maiki. Haliwezi kurudi kwa mdomo mtupu. Anataka niseme kwa maiki ile ile kwamba Achol ni mzima.

Ekiru alifunga spika mbili juu ya gari. Nyandeng alinifundisha sentensi hiyo kwa Kidinka, maneno machache tu, neno kwa neno, nami niliyaandika kwenye daftari kwa herufi zangu. Tukazunguka mtaa ule kwa mwendo wa miguu, saa nne asubuhi, na mimi nikasema kwamba Achol ni mzima, nikataja jina la mama yake na la babu yake, asije mtu akadhani ni Achol mwingine. Watu walitoka nje ya nyumba. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Lakini matamshi yangu yalikuwa mabaya kiasi kwamba watoto walianza kutufuata wakiniiga, na mzunguko wa pili tulikuwa na watoto sitini nyuma ya gari wote wakisema kwa lafudhi yangu ya Kibukusu kwamba Achol ni mzima.

Achol mwenyewe alitufuata pia. Kwenye kona ya kisima aligonga mlango wa gari, Ekiru akasimama. Alikuwa amechoka kusikia ikisemwa vibaya. Alinisemea neno la kwanza, akangoja. Nikalirudia. Akatikisa kichwa, akalisema tena. Mara ya nne akaridhika, akarudi kwa mama yake akitembea, si akibebwa.

Jioni hiyo nilirudi Lodwar, na safari iliyofuata nilikuja na kitabu. Nilimpa Nyandeng bila maelezo, naye hakuuliza kilipatikanaje. Alikaa nacho wiki mbili. Alipokirudisha, kilikuwa kimefunikwa kwa karatasi ya kaki kama kitabu cha shule.

"Ni mzuri, Ustaz," akasema. "Lakini kitabu chako inaongea sana."

Nilimwandikia Afisa wa Uwanja kwamba sitafasiri tena filamu ile. Nyandeng aifasiri yote, Kakuma, Lodwar na Kalemng'orok. Mimi nitashika mitambo. Afisa alinipigia simu. Aliniuliza kama najiadhibu, kwa sababu shirika halihitaji watu wa kujiadhibu, linahitaji watu wa kufanya kazi. Nikamjibu kwamba najua kupima, na nimepima.

Onyesho lake la kwanza lilikuwa katika ukumbi ule ule wa mabati. Mama Achol alikuja, akakaa karibu na mlango. Nyandeng alizunguka akikusanya majina, na safari hii mimi nilishika tochi nikamfuata nyuma. Zilipofika dakika nne, alifanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria. Aliweka kipaza sauti chini, juu ya mkeka, akaondoa mikono. Tulisikia jenereta nje na mabati yakipasuka kwa joto. Mvulana akamimina kikombe cha kwanza. Akamimina cha pili. Watoto walikuwa wameinama mbele wote pamoja. Nilitazama mvuke ule kwa mara ya nne au ya tano maishani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba waliotengeneza filamu walikuwa wameusoma ukurasa wangu. Walikuwa wameusoma vizuri sana. Waliondoa maneno yote yakabaki yale yaliyokuwa chini yake.

Msitegemee niseme kwamba wivu uliisha hapo. Uliongezeka. Kumwonea wivu mtu anayekosea ni rahisi, maana unamngoja aanguke. Lakini yule alikuwa amefanya sawasawa, na kitabu kilikuwa changu, na mdogo aliyekufa alikuwa wangu. Nilisimama gizani nikishika kitambaa kibichi juu ya projekta na nikataka kila kitu chake: sauti yake, subira yake, hata makosa yake ya ngeli.

Mradi ulifungwa Desemba 2013, wakati ule ule watu walipoanza kumiminika tena Kakuma kutoka Sudan Kusini, na Nyandeng akahamia kazi ya ukalimani katika mapokezi ya wageni. Mimi nilirudi kwenye kibanda changu, nikatengeneza simu mpaka macho yakakataa, sasa nimepumzika. Vijana wanaojifunza ukalimani hunijia mara moja moja kuuliza mbinu. Ninawaonyesha zile safu tatu za daftari. Ninawaambia kuna ya nne ambayo mimi sikuichora: nani amekaa mbele yako, na anaitwa nani. Wengine huuliza kama inafaa kufasiri kitabu ukipendacho. Nawaambia inafaa, mradi ujue kwamba watu hawakuja kukutazama ukikipenda.

Siku ya kufunga hesabu, Mhasibu alituita wote wawili. Mfasiri alilipwa posho ya shilingi elfu moja na mia tano kwa kila onyesho, na filamu ile ilikuwa imeonyeshwa mara kumi na moja baada ya mimi kujitoa. Nyandeng alisema nusu ya posho hizo ni zangu, kwa kuwa kitabu kilikuwa changu. Alikuwa amekwisha zigawa, ziko kwenye bahasha, na hakuwa akitania. Mhasibu akaniuliza kama nakubali, aandike. Nikasema hapana, naye akadhani ni ukarimu, akanisifu. Ukweli ni kwamba ningepokea nusu ningekuwa nimekiri kwamba hadithi ile inagawanyika, na hata leo siko tayari kukiri hivyo. Nilipofika nyumbani nilifungua daftari, nikaandika posho zote kumi na moja, onyesho kwa onyesho, nikajumlisha mara mbili. Hasara: shilingi elfu kumi na sita na mia tano.